Kati ya Alasiri Mbili: Maisha ya Dada Yetu, Daktari wa Nzi

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kumsindikiza, mkifungua programu mliyopewa mlangoni mtaona kwamba marehemu ana tarehe moja ya kuzaliwa na tarehe mbili za kufariki. Si kosa la mchapaji. Mchapaji alikataa katakata. Alisema amechapa programu za mazishi tangu ujana wake na hajawahi kukutana na mtu aliyefariki kwa awamu. Mimi, mdogo wake marehemu, nilikaa kwenye kiti cha wateja asubuhi nzima mpaka akasalimu amri. Sababu nitaieleza zamu yake ikifika. Nikiirukia sasa hivi, namjua dada yangu, angenikatiza na neno lake lile lile: usiniharakishe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 22 Februari 1957, mtoto wa tatu kati ya wanne wa fundi viatu na mkunga. Mama yetu, aliyehesabu mimba za mtaa mzima bila kukosea, hii ya kwake aliikosea kwa wiki mbili. Alikuwa ameshafunga mfuko, ameshafua nguo za mtoto, ameshamwita shangazi wa kumsaidia. Shangazi akakaa, akachoka, akarudi kwake, ndipo mtoto akaja. Baba alizoea kusema kwamba binti huyu alikuwa anasubiri kwanza awe na uhakika. Alikula taratibu, alivaa taratibu, na ukimtuma chumvi dukani chakula kiliiva bila chumvi. Ila alichokiona alikuwa amekiona kweli, na ukitaka kubishana naye ilibidi uwe umeshiba.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Alipokuwa darasa la sita, shule ilifunguliwa baada ya likizo na darasa lao likawa linanuka mpaka watoto wakahamishiwa uwanjani. Fundi aliyepanda darini alishuka na paka aliyekufa, amemlaza juu ya gunia. Mwalimu mkuu alitaka kujua paka yule alikufa lini, maana kama alikufa wakati wa likizo, mlinzi alikuwa na maswali ya kujibu. Watoto wengine waliziba pua. Dada alisogea karibu. Kwa muda mrefu alikuwa akichungulia matumbo ya kuku yaliyotupwa nyuma ya jiko letu, akiangalia mabuu wa nzi wanavyokua. Basi aliwatazama wale wa paka, akasema paka amekufa kati ya Alhamisi na Jumamosi. Mwalimu akamwambia achague siku moja. Akasema hawezi. Mwalimu akarudia, safari hii kwa sauti ya mwalimu mkuu. Akasema samahani mwalimu, hawezi. Alifagia darasa lile peke yake wiki nzima, na Baba alipomuuliza kwa nini asitaje tu siku moja yakaisha, alijibu kwamba siku ya kufa ni moja, lakini yeye haijui. Anachojua ni kwamba imo humo katikati.

Aliendelea na sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1971, kisha chuo kikuu, alikopata shahada ya elimu ya wanyama mwaka 1980, shahada ya uzamili ya wadudu mwaka 1984, na uzamivu mwaka 1994, binti yake akiwa tayari anakimbia kimbia kwenye korido za idara na kuwaita maprofesa babu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye kituo cha utafiti wa mazao, akihangaika na wadudu wa ghalani. Mwaka 1986 daktari mmoja wa chumba cha maiti alimletea kichupa chenye mabuu, akamuuliza, nusu kwa utani, kama anaweza kumwambia wana umri gani. Hakumjibu siku hiyo. Alimjibu baada ya wiki tatu, na mwaka ule ule akahamia maabara ya serikali, kwenye chumba kidogo chini ya ngazi ambacho hakuna mwingine aliyekitaka na ambacho, baada ya mwezi mmoja, hakuna mwingine aliyetaka hata kupita mbele yake.

Najua wengi wenu mliogopa kumuuliza kazi yake hasa ilikuwa nini, na wengine mliuliza mkiwa mezani, jambo ambalo mlilijutia. Kwa ufupi ni hivi. Mtu akifa mahali ambapo nzi wanafika, nzi hutaga mayai juu yake, mara nyingi mapema sana. Mayai yanaanguliwa na kutoa mabuu, nao wanakula na kukua. Buu hana saa, ana joto tu: kukiwa na joto hukua haraka, kukiwa na baridi hujivuta. Kwa hiyo ukijua buu amefikia wapi, na ukijua joto lote alilolipata njiani, unaweza kurudi nyuma kwa hesabu mpaka wakati yai lilipotagwa, na hapo unajua kwamba mtu yule alikuwa ameshakufa. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya dada miaka thelathini na ushee. Ili kuijua vizuri, ilibidi awafuge nzi mwenyewe na kuwalisha maini. Mwenye bucha wa mtaani kwetu alimsifu mbele za wateja kwa kuilisha familia yake vizuri, na sisi hatukumsahihisha.

Ndoa yake ilitokana na kosa, na yeye mwenyewe aliposimulia hakulipunguza. Mwaka 1988 mwenye nyumba mmoja alikutwa amekufa kwenye stoo yake. Dada alipokea mabuu, akaomba takwimu za joto kutoka kituo cha hali ya hewa, akapiga hesabu, akatoa jibu. Siku alizozitaja zilikuwa zile zile ambazo mpangaji wa marehemu, mtu waliyekuwa hawaelewani, alikuwepo nyumbani. Mpangaji akawekwa rumande. Siku chache baadaye kijana mmoja wa kituo cha hali ya hewa, mwenye kalamu mbili mfukoni na viatu vyenye vumbi, aligonga mlango wa chumba cha chini ya ngazi. Alikuwa amesikia takwimu zake zimemfunga mtu, akataka kujua zimemfungaje.

"Dada, joto langu nalipima ndani ya kisanduku cheupe, kivulini, juu ya majani," alimwambia. "Marehemu wako alikuwa kivulini?"

Marehemu alikuwa chini ya mabati, kwenye stoo isiyo na dirisha. Wawili hao walikwenda na kipimajoto, wakakaa nje ya stoo ile siku baada ya siku, yeye kwenye ndoo iliyogeuzwa, kijana kwenye tofali. Mle ndani palikuwa na joto kali kuliko kwenye kisanduku cheupe, kumaanisha mabuu walikuwa wamekua upesi, na mwenye nyumba alikuwa amekufa baadaye kuliko dada alivyosema, wakati mpangaji alikuwa ameshasafiri na watu wamemwona. Mkuu wa maabara alimshauri asubiri mpaka mahakama imuulize, asiiaibishe ofisi. Dada alimjibu kwamba wakati wao wanasubiri, kuna mtu analala sakafuni. Alitoka pale akaenda kwa mpelelezi kwa miguu yake, na ndiyo siku pekee watu wa maabara walipomwona akikimbia. Mpangaji aliachiwa.

Kijana wa hali ya hewa hakuondoka tena. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989. Zawadi yake ya uchumba, na hapa shangazi zetu wakatazamana, haikuwa pete. Ilikuwa kipimajoto cha ukutani, kile chenye vijiti viwili vidogo ndani ya kioo: kimoja hubaki pale joto lilipopanda mwisho, kingine pale liliposhuka mwisho, na vyote hubaki hapo hapo mpaka mtu aje avirudishe kwa mkono. Pete ilikuja baadaye, baada ya Mama kuingilia kati. Walijaliwa binti mmoja, Mei 1991. Waliishi kwa maelewano ya watu wawili wanaopenda kunyamaza, na shemeji yetu alipofariki mwaka 2014, dada alikihamishia kipimajoto kile mahali ambapo angekiona kila siku.

Mwaka 1998 alimpata mwanafunzi aliyekuwa mwanahesabu, si mtu wa wadudu kabisa. Mara ya kwanza alipoonyeshwa mabuu aliomba akae. Dada alimwita Hesabu, na jina hilo limemganda hata kwa mke wake. Yuko hapa mbele, mtamwona kwa urefu. Hesabu alitengeneza mlinganyo uliojumlisha joto saa kwa saa na kumrudisha buu nyuma mpaka kwenye yai, akauleta kwa furaha ukiwa na jibu lenye saa na dakika. Dada alilitazama jibu lile, akamwambia: "Hesabu yako imeniambia unachokijua. Irudishe ikaniambie na usichokijua." Ilimchukua miaka miwili. Mlinganyo uliporudi haukutoa tena dakika. Ulitoa kipindi, toka hapa mpaka pale, pamoja na ule wasiwasi wa pande zote mbili ambao wao wenyewe waliuita mkia. Mawakili waliuchukia mkia huo. Dada alisimama kizimbani akaupigania kama mtu anayegombania shamba la urithi.

Kuna siku moja lazima niitaje. Binti yake alikuwa na miaka kumi na miwili hivi, shule zimefungwa, amekaa kwenye kona ya ofisi ya mama yake anafanya mazoezi ya shule. Akaingia mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa amekutwa amekufa kwenye chumba cha kupanga. Mama yule alikuwa amepita pale Jumatano, akabisha, asijibiwe, akaenda zake akidhani kijana hayupo. Alitaka kujua kitu kimoja tu: alipobisha, mwanawe alikuwa hai? Jumatano ilikuwa ndani ya kipindi. Dada alimwambia hivyo, kwamba huenda alikuwa hai na huenda alikuwa ameshakufa, na kwamba hajui. Yule mama alimsihi, kisha akakasirika, akasema msomi mzima anashindwa kumsaidia mzazi mwenzake kwa neno moja.

Dada akamwambia: "Mama, ningekupa hilo neno, leo ungelala. Kesho ungeamka ujiulize nimelijuaje."

Halafu alikaa naye. Dada huyu ambaye hakuweza kumaliza sherehe ya harusi bila kutoroka alikaa na mama yule mpaka ofisi zikafungwa, wakizungumza habari za kijana: alipenda nini, alikuwa mchoyo wa nini. Njiani kurudi nyumbani binti alimuuliza kwa nini hakumdanganya tu kidogo. Jibu alilopewa binti amelitunza mwenyewe, nami sikumdadisi.

Dada alistaafu mwaka 2017, lakini nzi hawakustaafu. Alijenga banda dogo nyuma ya nyumba. Mimi, kwa kuwa ni fundi umeme, nililiwekea taa moja, akanikataza kuiwasha jioni kwa maelezo kwamba nzi nao wana haki ya giza. Humo aliwafuga ndani ya kizimba cha wavu kwa ajili ya wanafunzi wa Hesabu. Kila siku alasiri, mvua au jua, aliingia bandani na kipande kipya cha ini alichokikatakata vidogo vidogo, akaondoa cha jana, akasoma kipimajoto cha marehemu mume wake, akavirudisha vile vijiti viwili mahali pake, akatoka. Nyumba yenyewe aliiwekea wavu wa waya kwenye kila dirisha na kila mlango, na ole wako uache mlango wazi. Alisema nzi ni wafanyakazi wenzake, na mtu hafuatwi na wafanyakazi wenzake mpaka sebuleni.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2020. Alimeza dawa zake kwa utaratibu, akapunguza chumvi, hakupunguza ubishi. Daktari wake, mtu mwema ambaye naye yuko hapa, alipomwambia kwa upole kwamba muda uliobaki huenda usiwe mrefu, dada alimuuliza: kutoka lini hadi lini? Daktari akasema hawezi kujua hasa. Dada akamshika mkono, akamwambia sasa wanaelewana.

Wiki ya pili ya Juni mwaka huu wa 2023, binti, ambaye ni mfamasia katika mji mwingine, alimwahidi mama yake kwamba angefika Jumamosi tarehe 10, saa sita mchana. Ijumaa jioni mwenzake kazini alifiwa. Duka la dawa haliwezi kubaki bila mtu, binti akashika zamu ya mwenzake, na Jumamosi alfajiri akamwandikia mama yake ujumbe kwamba atakuja Jumatatu. Ujumbe ulifika kwenye simu, haukufunguliwa. Hilo halikumshtua, maana dada aliiweka simu kwenye droo ya jikoni na kuitembelea anapojisikia. Jumatatu tarehe 12 asubuhi binti alifungua mlango wa nyumba ya mama yake, akamkuta kwenye kochi, miguu ameiweka juu ya kigoda, ametulia. Hakuna hata nzi mmoja aliyemgusa. Daktari alisema ni moyo, na kwamba haukumpa tabu ya muda mrefu. Kuhusu siku, alisema Ijumaa, Jumamosi, labda hata Jumapili.

Basi familia nzima ikageuka wapelelezi. Palikuwa na kikombe cha chai mezani, kimenywewa nusu. Wengine wakasema hiyo ni chai ya asubuhi, wengine wakakumbusha kwamba dada alikunywa chai saa zote. Jirani alisikia redio Jumamosi mchana. Lakini redio haihitaji mtu kuisikiliza ndipo iseme, na ilikuwa bado inasema Jumatatu tulipoingia. Alikuwa amevaa gauni lake la nyumbani, ambalo alilivaa asubuhi, mchana na jioni. Kila mtu alikuwa na siku yake na ushahidi wake, na nakiri kwamba mimi nilikuwa na kelele kuliko wote.

Binti peke yake hakubishana. Hakulia, hakula, hakukaa. Alinijia jikoni akaniuliza, "Mjomba, ningekuja Jumamosi ningemkuta?" Nilimwambia asijitese. Akaenda kumuuliza daktari. Akaenda kumuuliza jirani wa redio. Ilipofika adhuhuri alikuwa amemuuliza kila mtu mzima aliyeingia pale, na kila mmoja alimwambia asijitese, na nikaona kwamba hilo ndilo linalomtesa. Nikampigia simu Hesabu.

Alikuja alasiri ile. Alitoa pole, akasimama mbele ya lile kochi kwa muda, akiwa ameinamisha kichwa. Kisha hakuuliza habari za kikombe wala redio. Alipita jikoni, akafungua friji akatazama, akatoka kwenda bandani, akajifungia. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu, na mimi sikumuuliza kama ni kwa sababu ya harufu.

Alichokikuta ni hiki. Kwenye kizimba palikuwa na kipande cha mwisho cha ini, kimejaa mabuu wa umri mbalimbali, kwa kuwa hakuna aliyekuja kukiondoa na nzi waliendelea kutaga. Hesabu aliwachagua wale wakubwa kuliko wote, waliokuwa wa kwanza kutagwa. Vijiti vya kipimajoto vilikuwa vimeshika joto la juu na la chini tangu dada alipovirudisha mara ya mwisho. Aliuita mlinganyo wao kwenye kompyuta yake, ule ule waliougombania miaka miwili, akawarudisha mabuu wale nyuma mpaka kwenye mayai. Mayai yalitagwa Ijumaa alasiri, kabla ya giza. Kwa hiyo Ijumaa alasiri dada alikuwa hai, amesimama bandani. Na ndani ya friji, kwenye bakuli lake dogo la bluu alimotunzia ini la kesho yake, palikuwa na kipande cha Jumamosi, hakijakatwa. Tangu alijenge banda lile, hakuna alasiri aliyoiruka akiwa na nguvu za kusimama. Jumamosi alasiri ilipofika, alikuwa hawezi tena kuinuka, na moyo, kama daktari alivyosema, haukumpa tabu ya muda mrefu. Alifariki humo katikati.

Na saa sita mchana ya Jumamosi imo humo katikati.

Wakubwa tulikutana chumba cha nyuma. Shangazi yake binti, dada wa marehemu shemeji yetu, alisema mambo yasiwe marefu: mtoto aambiwe mama yake alifariki Ijumaa usiku, ale, alale, tuzike. Nani atakuja kutuumbua? Mimi nilimuunga mkono kwa nguvu zote. Hesabu alitazama viatu vyake, akasema kwamba kwa kweli uzito mkubwa wa kipindi uko usiku ule, na kwamba anaweza kusema usiku bila kuona haya sana. Tukashusha pumzi. Ndipo tukamwona binti amesimama mlangoni, na hatukujua amesimama kwa muda gani.

"Hesabu," alisema, "niambie kama vile ungemwambia hakimu."

Shangazi akaanza kusema mwanangu, mwanangu. Hesabu akainuka. Mtu mrefu, chumba kidogo, kichwa chake kilikaribia kugusa dari.

"Kati ya Ijumaa alasiri na Jumamosi alasiri," alisema.

"Mimi ningefika saa sita."

"Umo ndani. Sehemu kubwa ya kipindi iko kabla yako, lakini si yote. Huenda ungemkuta, na huenda usingemkuta. Sijui."

Nilimtazama mpwa wangu nikitegemea aanguke. Alivuta kiti, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akalia. Alilia kama watu wanavyolia, kwa sauti, huku shangazi amemkumbatia na kunitupia jicho kana kwamba mimi ndiye niliyeuvumbua mlinganyo. Alipotulia alijifuta uso kwa khanga ya shangazi, na nikaona amerudi. Hatukuwa tumempa faraja yoyote. Tulikuwa tumempa kitu ambacho hakulazimika kuamka kesho akakitilia shaka.

Halafu akauliza jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria.

"Lile ini la Ijumaa, lilikuwa limekatwaje?"

"Vidogo vidogo," Hesabu akamjibu. "Sawasawa. Kama siku zote."

"Kwa hiyo mkono haukuwa unatetemeka."

"Haukutetemeka. Ijumaa alasiri mama yako alikuwa mzima, anafanya kazi yake." Akaongeza: "Hilo nalisema bila mkia."

Miaka yote dada yetu aliwatazama wadudu wale ili ajue mtu alikufa lini, na hakuwahi kuridhika na jibu. Kwake yeye wametuambia alikuwa hai lini, na jibu limenyooka. Binti aliomba chai, akaomba na mkate. Kesho yake, Jumanne, watu wakiwa wanahangaika na viti na turubai, nilimwona alasiri anatoka jikoni na lile bakuli la bluu. Nilimfuata, kwa kuwa najua uzito wa harufu ya mle ndani kwa mtu ambaye hajazoea. Hakuhitaji msaada wangu. Alilikatakata ini la Jumamosi vidogo vidogo, akaliingiza kizimbani, akasoma kipimajoto cha baba yake kwa sauti ya chini, akavirudisha vile vijiti viwili mahali pake, akafunga mlango wa wavu nyuma yetu.

Ndiyo maana programu yenu ina tarehe mbili. Ni binti aliyeomba iwe hivyo, na mimi, niliyetaka kumdanganya, ndiye niliyetumwa kwa mchapaji, nadhani kwa makusudi.

Marehemu ametanguliwa na wengi: wazazi wetu, kaka zetu wawili, na mume wake mpendwa. Ameacha binti mmoja, mdogo wake mmoja ambaye ni mimi ninayesoma, wifi mmoja, wapwa saba, wanafunzi ambao hatukuweza kuwahesabu, Hesabu ambaye hatujui tumweke upande gani ila ni wa familia, na kizimba kimoja cha nzi ambao leo alasiri, tukitoka hapa, lazima mtu akawalishe.

Aliaga dunia kati ya Ijumaa tarehe 9 Juni 2023 alasiri na Jumamosi tarehe 10 Juni 2023 alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Mwacheni apumzike kwa amani, na mtu yeyote asimharakishe.